Chuo Nilichokichagua kwa Picha

Naikumbuka Jumatatu moja, mwanangu, niliyoingia kazini nikitembea kama bibi harusi anayejua kuwa anatazamwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mapinduzi yalikuwa hayajatimiza miaka minne, na Unguja nzima ilikuwa inajengwa: skuli huku, zahanati kule, mawe na mchanga kila upande. Mimi nilikuwa karani katika karakana moja ya ujenzi upande wa Malindi, na kazi yangu, ukiisikia, utaona si kitu. Kila zege likichanganywa, kipande kidogo kilimiminwa kwenye kibweta cha chuma. Mimi nikikiandika tarehe na namba, nikikiloweka katika pipa la maji, na baada ya siku ishirini na nane nikikiweka chini ya mashine iliyokikandamiza mpaka kikapasuka. Kisha naandika kilipasuka kwa uzito gani.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyothubutu kusema. Vipande viwili vimechanganywa siku moja, vimefanana kama pacha, kimoja kinastahamili na kimoja kinakuwa unga. Kwa nini? Pale karakana hapakuwa na mtu wa kunieleza kwa maneno ya kitabuni. Alikuwapo Mzee Makame, fundi mkuu, Mtumbatu mfupi mwenye ndevu nyeupe, ambaye elimu yake yote ilikuwa ya chuoni kwa mwalimu wa Kurani na ya kazini. Yeye mchanga ukiletwa hakuuliza umetoka wapi. Alichota kidogo akaulamba. Ukiwa na chumvi, gari linageuzwa.

Sasa basi, Ijumaa ya kabla ya Jumatatu hiyo nilikuwa nshapeleka fomu yangu ya masomo ya nje. Zilikuwa zimetangazwa nafasi za shahada katika nchi moja ya Ulaya Mashariki, elimu ya chuma, saruji, kioo na vigae. Vitu gani vinatengenezwa na nini, na kwa nini vinavunjika. Siku hizi nasikia mnaiita sayansi ya mada. Sisi tuliiita elimu ya vitu tu, na tukaelewana.

Vyuo vilikuwa viwili. Nilivichagua nikiwa kwenye baraza ya kina Zuhura, mtaa wa Kiponda. Zuhura alikuwa shoga yangu tangu darasa la kwanza, msichana mpole mwenye akili ya hesabu kunishinda, ila mwepesi wa kunifuata. Tulikuwa na vijitabu viwili mapajani. Kimoja kilikuwa cha chuo cha mji mkuu: nguzo za mawe mlangoni, ngazi pana, taa za vioo zinaning'inia. Cha pili kilikuwa cha chuo kilichokuwa katika kijimji ambacho hata jina lake hatukuweza kulitamka. Picha yake ilikuwa na ukungu, nyumba ya matofali yenye bomba la moshi, na wanafunzi wamevaa aproni chafu.

Nikasema, "Hiki ni chuo au kiwanda cha sabuni?" Tukacheka mpaka mama yake Zuhura akatoka kutazama kuna nini.

Zuhura alisita kidogo. Aliniambia, "Si tuulize kwanza?" Nikamwambia chuo chenye nguzo kama zile hakiulizwi. Nikajaza fomu yangu, na kalamu ile ile nikamkabidhi ajaze yake. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini mwanangu, mtu wa miaka kumi na tisa husikia methali kama anavyosikia mvua ya jirani.

Nirudi kwenye Jumatatu yangu. Nilimkuta Mzee Makame amechutama karibu na pipa.

"Shikamoo, Mzee Makame."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unatuacha."

Nikamwambia jina la chuo, nikalitamka kwa madaha. Akatikisa kichwa taratibu.

"Wanafunzi wake wanashika nini?"

"Wanasoma elimu ya vitu, mzee."

"Hilo nshalisikia. Nnauliza wanashika nini. Mashine kama hii wanazo ngapi? Kipande kinapopasuliwa, unapasua wewe, au unamtazama mwalimu anapasua?"

"Sijui."

"Ukimaliza, shahada yao inakubaliwa hapa?"

"Sijui, mzee."

Akasema, "Mke wangu akinunua chungu pale Darajani hukigonga kwa kidole akasikiliza. Chungu cha kupikia mchuzi. Wewe unakwenda kutoa miaka mitano na hujagonga kitu."

Nikaona haya, na haya ikageuka kiburi. Nikamjibu, "Lakini ni bure, mzee. Serikali inalipa."

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu kwangu. Aliniuliza tu, "Hiyo miaka yako, atakurudishia nani?"

Nilikuwa nimedhani thamani ya chuo ni ada yake. Kikiwa bure basi ni faida. Kumbe rahisi huvunja upishi, na anayelipa kwa ujana wake hapewi chenji. Mzee Makame hakunichelewesha na majuto. Alinielekeza kwa watu wawili waliosoma elimu ile ile, kila mmoja katika chuo chake, na wote wamesharudi. Akasema, "Nenda kaulize. Kisha uchague utakacho, sitakwambia neno tena."

Nilikwenda na mama, maana msichana hakuwa akiingia nyumba za watu peke yake. Wa kwanza alikuwa Bwana Suleiman, Mkunazini, aliyesoma chuo cha nguzo. Alikuwa muungwana kweli. Alitukaribisha kahawa na hakukisema vibaya chuo chake.

"Ni chuo kikubwa," alisema. "Walimu wenye majina. Ila darasani tulikuwa mia mbili, na mashine ya kuvuta chuma mpaka kikatike niliiona mara mbili, zote nyuma ya kioo."

Mama yangu, ambaye hakusoma kitu ila Kurani, akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria. "Na uliporudi, baba, wamekupa kazi gani?"

Akatabasamu. "Nafasiri barua, bibi. Lugha yao niliijua vizuri sana."

Tulirudi nyumbani. Njiani nilimwona mama anafikiri.

Jumapili tukapanda gari la shamba mpaka Mkokotoni, kumtafuta Bwana Ali Khatibu. Tulimkuta anasimamia ukarabati wa ukuta mmoja karibu na maji, mikono yake ina makovu ya moto. Alipojua tumekuja kwa nini, aliacha kazi. Aliokota kipande cha zege la zamani kilichopasuka na kukipindua. Ndani yake kulikuwa na nondo iliyoliwa na kutu mpaka ikavimba.

"Huu mchanga ulitoka pwani," aliniambia. "Chumvi imeingia, chuma kikafanya kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma. Ndiyo inayopasua zege kwa ndani. Watu wanadhani ni mzigo wa juu. Mzigo si wa juu."

Mwanangu, nilisimama pale kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Kile Mzee Makame alichokijua kwa ulimi, huyu alikijua kwa sababu yake.

Nikamuuliza kila kitu. Akaniambia chuo chao ni kidogo, mji wenyewe hauna hata pa kutembea, baridi inauma na chakula ni viazi leo na viazi kesho. Lakini darasani walikuwa kumi na wanne. Kila wiki walivunja kitu kwa mikono yao na kuandika kwa nini kimevunjika. Tangu mwaka wa pili walipelekwa kiwandani kila muhula, wakasimama na wafanyakazi mbele ya tanuu. Shahada aliyorudi nayo ilikuwa na muhuri ule ule wa nchi kama ya Bwana Suleiman, na hapa nyumbani ilikubaliwa sawa sawa.

Kisha akaongeza, bila kujua amenitia mtihani: "Harakisha tu. Chuo chetu huchukua Wazanzibari wawili kwa mwaka, na nimesikia kijana mmoja wa Pemba keshaandikwa."

Basi nafasi ilikuwa imebaki moja.

Ndani ya gari, njia nzima ya kurudi, mama aliniuliza swali moja tu. "Utamwambia Zuhura?"

"Ntamwambia."

Sikumwambia.

Jumatatu nilikwenda ofisini. Bwana aliyeshughulikia fomu alinitazama juu ya miwani, akaguna kwamba wenzangu wanazililia nafasi na mimi nazichezea, lakini akabadilisha. Akanionya kuwa orodha inapelekwa Ijumaa, na baada ya hapo hakuna kubadilisha. Nikatoka na moyo mwepesi. Nikajiambia nitapita kwa Zuhura jioni. Jioni nikajiambia kesho. Jumatano nilimkuta dukani anachagua kitambaa cha koti la baridi, kizito, cha kijivu. Akaniuliza, "Kitanipendeza kwenye zile ngazi?" Nikasema kitampendeza. Nilikisifu kitambaa, mwanangu, nikamwacha anakipima begani. Zuhura alikuwa akinishinda kwa alama zote, na nafasi ilikuwa moja. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine, na nimekaa miaka mingi nikiitafuta nyingine.

Jumamosi, orodha imeshakwenda, Mzee Makame akaniuliza habari. Nikamweleza kwa furaha yote ya Mkokotoni. Alinisikiliza hadi mwisho, naye akaniuliza swali lile lile la mama.

"Na yule mwenzio?"

Nikasema sijamwambia.

"Mimi nilikupa majina ya watu wawili," alisema. "Sikukuuzia. Umeyachukua, umeyafungia kabatini. Kizuri kula na nduguyo. Wewe umekula umegeukia ukuta." Akaondoka kwenda kwenye kazi zake. Hakunipigia kelele, wala hakunirudia tena kwa maneno hayo hata siku moja.

Nilikwenda Kiponda alasiri ile ile. Nilimweleza Zuhura kila kitu, wa Mkunazini na wa Mkokotoni, na ile nafasi. Alikuwa anashona vifungo kwenye koti. Aliweka sindano chini.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Jumapili."

"Na Jumatano ulinisifia kitambaa."

"Ndiyo."

Hakunitukana. Alikunja koti, akaingia ndani, na mama yake akaja kuniambia kwa upole kwamba Zuhura amejilaza. Jumatatu alikwenda mwenyewe ofisini akaambiwa orodha haibadiliki. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuja kabla sijapata hata mtoto.

Tulisafiri ndege moja, viti mbalimbali. Mwaka wa kwanza tulisoma lugha katika mji mmoja, yeye na mimi na wenzetu kutoka kila pembe ya Afrika. Zuhura akinijibu salamu kwa sababu ni wajibu kuijibu. Zaidi ya hapo hapana. Mwaka wa pili tukaachana, yeye kwenye nguzo zake, mimi kwenye aproni.

Chuo changu kilikuwa kama Bwana Ali alivyosema, na viazi vilikuwa kama alivyosema. Nilifanya kazi kwa raha. Lakini kila nilipovunja kipande cha chuma nikaelewa kwa nini kimevunjika, nilimkumbuka aliyepaswa kuwa pembeni yangu akipiga hesabu upesi kuliko mimi. Nikaanza kumwandikia. Barua ya kwanza niliomba radhi. Ya pili nikamtumia nakala za masomo yangu ya vitendo, mkono wangu mwenyewe, kurasa nyingi. Ya tatu nikamwandikia maswali ya Mzee Makame kama alivyoyasema: wanafunzi wanashika nini, mashine ziko ngapi, nani anapasua. Sikujibiwa. Nikaandika ya nne.

Jibu lilikuja theluji ilipokuwa inayeyuka. Lilianza na "Shoga yangu," nami nikakaa kitandani kabla ya kuendelea.

Alisema alizipata zote. Alisema mwanzo alitaka kuzichoma, kisha yale maswali yakamkaa kichwani. Akaacha kuwauliza walimu, kwa sababu kila mwalimu husifu lake. Akamuuliza mzee aliyekuwa akifagia maabara. "Nilimuuliza, wapi hapa wanafunzi wanatoka na mikono michafu? Akanichukua nyuma ya jumba, tukapita chumba cha kuchemshia maji, tukashuka ngazi." Chini kule, katika chuo kile kile cha taa za vioo, kulikuwa na idara ndogo ya udongo, chokaa na saruji. Wanafunzi tisa. Walimu wawili wazee waliofurahi kuona mtu amebisha hodi. Matanuu matatu yanawaka mchana kutwa. Haikuwamo kwenye picha za kijitabu, na hakuna aliyekuwa akiichagua kwa sababu haikuwa na jina. Zuhura aliomba kuhamia. Kwa kuwa ni chuo kile kile na shahada ile ile, hakuhitaji ruhusa ya mtu Unguja. Walimwandika wiki hiyo hiyo.

Soma hapo mara mbili, mwanangu, maana hapo ndipo nilipofundishwa na niliyemkosea. Mimi nilikuwa nimetoka kosa moja nikaingia la pili: niliacha kudhani chuo kikubwa ni bora, nikaanza kudhani chuo kidogo ni bora. Yote ni kuchagua kwa jina. Zuhura alitazama kilichomo.

Tulirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya sabini, kazi zikitungoja. Mimi nilipewa nondo na mabati na kila kilichokuwa na chuma. Mwaka huo palikuwa na nyumba moja ya mawe pale mjini, ya ghorofa, ukuta wake unaanguka vipande. Ilikuwa imepakwa saruji miaka michache kabla ili iimarike, na sasa inazidi kuoza. Familia mbili zinaishi ndani. Wakubwa wetu wakataka ivunjwe. Nikaitwa nitoe shauri, nikatazama nguzo na boriti, nikatazama nyufa, na kwa kweli sikuona ugonjwa wake. Nilikuwa tayari kukubali ivunjwe.

Zuhura alikuja na nyundo ndogo. Alibandua saruji kidogo, akaweka kiganja kwenye jiwe.

"Ukuta umelowa," alisema. "Mawe haya ya matumbawe hunywa maji na huyatoa. Chokaa ilikuwa ikiyaachia yatoke. Saruji imeyafungia ndani, na chumvi inalila jiwe. Bandueni yote, mpake chokaa."

Fundi mmoja mtu mzima akamuuliza, "Bi Zuhura, una hakika?"

"Nina hakika. Nimechoma chokaa hii kwa mikono yangu miaka mitatu."

Wakabandua. Ilichukua miezi ukuta kukauka, na wale waliokuwa ndani wakabaki kwao. Nyumba imesimama mpaka leo, watoto waliokuwa wakichungulia dirishani siku ile sasa wana wajukuu.

Tulipokuwa tunashuka ngazi nilimwomba radhi kwa mdomo, maana barua si mdomo. Alisimama.

"Nilikusamehe siku niliyoliona tanuu la kwanza," alisema. "Lakini pale dukani, Rukia, uliniona natia kitambaa begani. Usimfanyie mtu mwingine vile."

Sijamfanyia. Tangu siku ile, yeyote anayenijia na habari ya chuo, awe mtoto wa ndugu au wa mtu nisiyemjua, namwambia ninachokijua chote, na nikijua mlango wa pili namwonyesha na wa pili.

Nawe unayenisoma leo, nakujua. Unavitafuta vyuo kwenye simu, na kila kimoja kina picha ya majani mabichi na vijana wanaocheka. Usizichukie picha, ila usizioe. Ukitaka shahada ya elimu hii ya vitu, itafute mahali ambapo utavunja, utayeyusha na utachoma wewe mwenyewe. Ulizia idara, usiishie kwenye jina la chuo. Jina kubwa linaweza kuficha darasa bovu, na linaweza vile vile kuficha tanuu zuri chini ya ngazi. Hakikisha shahada yake inatambuliwa kule unakotaka kufanya kazi, kabla hujatia saini. Watafute waliomaliza, uwaulize sasa wanafanya nini, na ukaone mikono yao. Ada ikiwa ndogo, au ikiwa bure kabisa, furahi, kisha uulize miaka yako itarudi na nini. Na gharama ikiwa kubwa, usidhani ukubwa wake ndio ushahidi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo; mimi na shahada yangu nalithibitisha hilo.

Ukishajua, mwambie mwenzio siku hiyo hiyo. Mwambie hata kama nafasi ni moja na yeye anakushinda. Nafasi ukiikosa utapata nyingine; mimi nimeona milango mingi maishani mwangu kuliko nilivyodhani siku ile garini. Mwenzio ukimkosa kwa njia ile, huna hakika kama atakuwa Zuhura.

Mungu akufungulie mlango wenye kheri nawe, mwanangu, akupe walimu wasiochoka na maswali yako, na rafiki wa kusoma naye. Akurudishe kwenu salama na elimu yenye kazi, na mikono yako ijenge mahali ambapo watu watalala bila hofu. Amin.